Nimelipia friza 520,000, sasa wanataka 47,000 "ya kurudisha hela". Nilipe au ndiyo nimeshaliwa?

BarafuZaKijichi | Jumanne, saa 4:10 usiku

Jamani habari za usiku. Naandika nikiwa chooni maana chumbani baba watoto hajalala na hili jambo halijui. Naomba msinitukane mpaka nimalize.

Mimi nauza barafu hapa Mtoni Kijichi. Ukwaju, ubuyu na za maziwa, za mia na za mia mbili. Nagandishia kwenye jokofu la nyumbani, kile chumba cha juu, zinaingia kama sitini tu. Nyuma yangu kuna shule ya msingi, watoto wakitoka mapumziko zimeisha. Kwa hiyo nikasema mwaka huu nikipokea mchezo nanunua friza. Mchezo wetu tupo wanawake kumi na tatu, 40,000 kwa wiki, na Jumapili ilikuwa zamu yangu: 520,000.

Nilikuwa nafuatilia ukurasa mmoja unaouza majokofu na friza, unasema duka lipo Kariakoo mtaa wa Aggrey. Wafuasi zaidi ya elfu arobaini. Wanaweka video, kijana anatembea dukani na simu, friza zimepangwa mpaka darini. Sehemu ya maoni wameifunga, wameandika "kwa sababu ya washindani wanaotuchafua". Nikaamini na hilo!

Nikamwandikia WhatsApp. Friza ya lita 200 akasema 590,000, ofa ya Sabasaba. Akaniuliza, "Kwani mama bajeti yako ikoje?" Nikamwambia 520. Akanyamaza kama robo saa, akarudi: "Nimeongea na bosi, amekubali kwa ajili ya wewe kuwa mjasiriamali." Nusu nilipe kwanza, nusu nikishapokea mzigo, kuletewa bure.

Leo saa nane mchana nikatuma 260,000. Jina likaja la mwanamke, wala si la duka. Nikasita kabla ya kuweka namba ya siri, nikamuuliza, akajibu hapohapo: "Huyo ni mhasibu wetu." Nikaweka namba ya siri. Mimi ndiye ninayewacheka wale wanaotumiwa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii".

Saa kumi akanitumia picha ya boksi limefungwa kamba, limeandikwa kwa kalamu nene MAMA KIJICHI. Nyingine ya kirikuu kimepakiwa. Hapo nilishahamisha kabati, kona nimeifagia, na fundi umeme kaniwekea soketi mpya.

Karibu saa kumi na moja anapiga dereva. Yuko Mtoni kwa Aziz Ali, amesimamishwa, mzigo hauna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nasikia na honi, nasikia mtu anasema "zima gari". Muuzaji naye anapiga: mama, mfumo hautoi risiti mpaka malipo yawe kamili, wakikipeleka TRA tutalipa faini wote, na wewe mnunuzi umo. Nikaogopa. Kwa Aziz Ali ni hapo tu, nikasema friza yangu imeshafika karibu hivi halafu ipotee? Saa 11:02 nikatuma 260,000 nyingine, safari hii kwenye namba ya mtandao mwingine, jina la mwanamume.

Dereva hakupatikana tena. Saa moja usiku muuzaji ananiandikia kwa upole kabisa kwamba mzigo umerudishwa ghalani, nitarudishiwa hela yote, ila nilipe 47,000 ya "kufungua marejesho", nayo itarudi pamoja na hela yangu. Hiyo 47,000 ninayo, ni ya kununulia sukari, maziwa na vifuko.

Najua mnavyofikiri. Ila moyo unaniambia 47 si kitu ukilinganisha na 520. Nilipe?

---

WakalaWaKona | saa 4:19 usiku

USITUME. Dada, hiyo 47,000 usitume hata kama watakupigia wanalia.

Mimi ni wakala huku Temeke mwaka wa tisa. Hao kazi yao ina ngazi. Kwanza mzigo, halafu risiti, halafu marejesho. Ukilipa ya marejesho wanakuja na "mfumo umekwama". Hawaachi mpaka wewe uache.

Sasa toka huko chooni upige huduma kwa wateja, usingoje asubuhi. Mtandao wako kwanza, halafu piga na ule mtandao wa pili, azima laini ya jirani ikibidi. Wape namba ya muamala, ile iliyo mwanzoni mwa meseji. Hela ikishatolewa kwa wakala hakuna mtu wa huduma kwa wateja atakayeirudisha. Ikiwa bado imo kwenye laini wanaweza kuizuia. Ile ya saa nane isahau. Ya jioni omba Mungu.

Nakwambia hivyo kwa sababu nawaona. Anakuja kijana na laini nne kwenye pakiti ya sigara, anatoa laki, anabadilisha laini, anatoa laki, salamu hataki. Wewe unatuma saa 11:02, saa 11:09 yuko dirishani kwa mtu kama mimi.

Na yule "mhasibu" usimlaani bado. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole 2019, wapo wasajili wa barabarani wanaokwambia "haijasoma mama, weka tena kidole". Mara ya pili inasajiliwa laini nyingine kwa jina lako, inauzwa. Inawezekana huyo mwanamke yuko kijijini analima mihogo, hajui kama ana laini mjini. Kila mtu hapa apige *106# aangalie ana laini ngapi kwa kitambulisho chake. Mimi niliikuta moja ambayo si yangu, na nafanya kazi hii.

---

MtuWaBei | saa 4:31 usiku

Friza lita 200 kwa 520? Mimi nashinda Kariakoo, hiyo bei hata ya jumla sijaiona. Tamaa mbaya dada yangu. Na kwani nauli ya Kijichi kwenda Kariakoo ni kiasi gani, si ungepanda daladala ukaangalie?

---

BarafuZaKijichi | saa 4:40 usiku

Kaka unayeshinda Kariakoo, mimi nauza barafu za mia. Punguzo la elfu sabini kwangu ni barafu mia saba. Nikienda Kariakoo nimefunga siku nzima, mtoto wa mwisho nimbebe mgongoni kwenye ule msongamano, na kurudi nikodi kirikuu. Ndiyo maana "kuletewa bure" kulinishika kuliko hata bei. Tamaa sikatai, ila na uchovu nao uhesabu.

Wakala asante, nipo kwenye simu, wimbo unapiga dakika ya kumi na mbili sasa.

---

FundiBaridi | saa 5:02 usiku

Bi mkubwa pole. Hiyo picha ya boksi unaweza kuiweka hapa? Ficha namba.

---

BarafuZaKijichi | saa 5:09 usiku

[picha]

Hiyo hapo. Habari: mtandao wangu wamesema ile ya kwanza ilitolewa dakika sita baada ya kuingia. Mtandao wa pili, kwenye 260,000 wamekuta bado imo 83,500, wameizuia. Ila hawawezi kunipa mpaka nilete RB, ile namba ya kesi ya kituoni, na barua ya polisi. Nimelia kwa hiyo 83,500 kuliko nilivyolia kwa ile iliyokwenda, sijui kwa nini.

---

FundiBaridi | saa 5:20 usiku

Ikuze hiyo picha, angalia herufi za KIJICHI. Kamba ya manila inapita juu ya boksi, sawa? Sasa angalia hapo kamba inapokutana na herufi J. Kamba ilitakiwa iifunike herufi. Hapo herufi imeifunika kamba. Hakuna aliyeshika kalamu, maneno yamewekwa kwa simu juu ya picha. Boksi hilohilo kesho litaandikwa BABA MBAGALA.

Kingine, wewe ndiye uliyempa bei. Alipokuuliza bajeti alikuwa anataka kujua una kiasi gani mfukoni. Ungesema 450 bosi angekubali 450. Mwenye friza kweli ananunua kwa bei yake, hawezi kukushukia elfu sabini kwa robo saa.

---

KijanaWaSystem | saa 5:33 usiku

Dada pole sana. Nilitapeliwa 1,200,000 mwezi uliopita, kuna kijana wa kompyuta anaingia kwenye mfumo wa mtandao anarudisha hela zote ndani ya saa mbili. Unalipia vifaa tu 30,000. Njoo inboksi nikupe namba yake.

---

WakalaWaKona | saa 5:35 usiku

Ameshafika! Nilikuwa nasubiri nione atachukua muda gani. Dada huyu usimjibu. Wananusa aliyelia, kwenye kila mada ya namna hii yupo mmoja. Amejiunga leo, angalieni wenyewe.

---

BarafuZaKijichi | saa 5:41 usiku

Nilishamjibu inboksi "naomba namba". Sijatuma hela. Jamani akili yangu leo haipo.

---

KaraniMstaafu | Jumatano, saa 12:48 asubuhi

Binti yangu, shikamoo ya watoto nimeipokea, nami nakupa pole ya mzee. Nilikuwa karani katika mahakama ya mwanzo, nimeandika sana kesi za watu waliodhulumiwa. Nikueleze namna ya kuongea ukifika kituoni, kwa maana wengi hushindwa hapo mlangoni.

Usiseme "kuna mtu namdai". Ukisema unamdai, utaambiwa hilo ni deni, nenda kafungue madai, na hapo utakwama kwa kuwa humjui unayemdai. Sema: "Nimedanganywa kwamba nauziwa friza, nikatoa fedha, na friza haipo." Hilo ni kosa la jinai, kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Kwa kuwa yametendeka kwa simu na mtandao, ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Huna haja ya kumhutubia askari vifungu, hawapendi. Ila wewe mwenyewe ujue umesimama wapi.

Nenda na taarifa ya miamala kutoka mtandao wako, na mazungumzo yote ukiwa umeyachapisha kwenye karatasi. Simu usiifute kitu, hata yale maneno yanayokutia aibu. Meseji siku hizi ni ushahidi, sheria ya 2015 ya miamala ya kielektroniki imeyatambua hayo, ila ukifuta nusu utaulizwa nusu nyingine ilisema nini. Omba RB, iandike pembeni usiipoteze. Jina la mwenye laini hutapewa wewe, kampuni ya simu inaandikiana na polisi. Na zile namba mbili zitume TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa 15040. Hilo halikurudishii senti, lakini linamfungia laini kabla hajampata mwenzako.

Mwisho, mwambie mumeo. Sikuingilii ndoa. Polisi utaitwa mara mbili tatu, utamuaga unakwenda wapi?

---

BarafuZaKijichi | Ijumaa, saa 3:15 usiku

Shikamoo baba Karani, na asanteni wote. Narudi na habari, ndefu kidogo.

Jana niliona bora niende Kariakoo kwanza, nikalione hilo duka kwa macho, labda kuna mtu ananijua. Mtaa wa Aggrey nimeupanda na kuushuka na mtoto mgongoni. Duka nikalipata. Lipo kweli! Lile lile la kwenye video, friza mpaka darini, na feni ya ukutani yenye ubawa mmoja uliovunjika ninayoikumbuka. Moyo ukapiga. Nasogea mlangoni nakuta karatasi imebandikwa na gundi ya maji, imeandikwa kwa mkono:

HATUUZI MTANDAONI. HATUNA WAKALA. HATUNA OFA. TUMECHOKA.

Nikasimama naisoma kama nimesahau kusoma. Kijana wa ndani akaniona, wala hakuniuliza shida yangu. Akatoa kiti cha plastiki na maji ya chupa, akasema, "Kaa kwanza mama. Friza au jokofu?" Yaani wanatupokea kama msiba. Anasema kuna mteja aliingia siku moja akajifanya anaangalia bei, akarekodi duka zima na simu, wakadhani anamwonyesha mke wake. Tangu hapo wanakuja watu, mmoja alitoka Morogoro na kirikuu cha kukodi kabisa. Mwingine alitaka kumpiga mwenye duka. Wao wenyewe walishakwenda polisi, wana RB yao.

Friza kama ile ninayoitaka hapo dukani ni 710,000. Nimeigusa mfuniko, nikauachia.

Kituoni sasa. Siku ya kwanza niliambiwa anayehusika na mambo ya mtandao ametoka. Siku ya pili yupo, nikasema kama alivyonifundisha mzee, neno kwa neno. Askari akaniangalia, akaniuliza, "Mama, unataka hela au unataka mtu?" Nikasema vyote. Akacheka, akasema wengi wanasema hela, wakipewa hela kidogo hawarudi kutoa maelezo. Lakini ameandika, RB ninayo, barua ya kwenda mtandao wa pili ameniambia nifuate Jumatatu. Karatasi za kuchapisha mazungumzo zimenila 6,500 pale kwenye duka la fotokopi, maana tuliongea sana na yule kijana. Kurasa kumi na tatu za yeye kuniita "mama yangu".

Na baba watoto nimemwambia. Kumbe alikuwa anajua kuna kitu tangu Jumanne. Kabati limehama, kona tupu, soketi mpya haina kitu. Nilipomaliza kusimulia alisema neno moja tu, "Kumbe." Afadhali angefoka.

---

MtuWaBei | Ijumaa, saa 3:40 usiku

Dada samahani kwa ile ya juzi. Niliandika vibaya. Mdogo wangu yalimkuta hayohayo kwa simu ya mkononi mwaka jana na nilimsema hivyohivyo, mpaka leo haniambii mambo yake.

---

BarafuZaKijichi | wiki tatu baadaye, Alhamisi, saa 2:05 usiku

Nimeona watu wananiuliza inboksi iliishaje, naandika hapa mara moja.

83,500 nimeipata. Imechukua siku kumi na saba kutoka siku niliyopiga simu, barua ilibidi irudiwe kwa sababu tarakimu moja ya namba ya muamala ilikosewa. Mkichukua barua isomeni hapohapo kaunta, msiione haya, askari alinipa kalamu akasema nisahihishe na rasimu yake. Zilizobaki, 436,500, sijaziona na nimeacha kuhesabu. Mwenye laini ya kwanza amepatikana, ni kama alivyosema Wakala: mama mtu mzima, yuko mkoani, laini haijui. Alipigiwa simu na polisi akaanza kulia. Ule ukurasa ulipotea kama siku nne, umerudi kwa jina jingine na video ileile, ile feni mbovu imo. Nimeupeleka kwa askari wangu.

Wenzangu wa mchezo nilidhani watanicheka. Wawili walicheka. Mwenyekiti wetu akasema duru mpya inaanza Jumapili hii na zamu ya kwanza nipewe mimi. Kwa hiyo Jumapili nitakuwa na 520 tena mkononi. Safari hii nimemkabidhi baba watoto ulinzi wa simu, amefurahi mno, anatembea nayo kama mlinzi wa benki.

Fundi Baridi, bado upo? Nasikia unauza za mtumba.

---

FundiBaridi | saa 2:30 usiku

Nipo bi mkubwa. Ninayo moja, lita 200 na kitu, mtumba wa nje, kompresa haijawahi kufunguliwa, mpira wa mlango nimebadilisha mimi. 390,000. Bajeti yako siiulizi. Ipo Tandika nyuma ya soko, kila mtu hapo anamjua fundi wa majokofu. Ukitaka nikutumie picha.

---

BarafuZaKijichi | saa 2:34 usiku

Picha baki nazo kaka yangu. Jumatatu nakuja na baba watoto saa mbili asubuhi, washa iwe inanguruma. Nakuja na ukwaju wangu kwenye vifuko hamsini na kiti cha kukalia. Jioni ukiwa umeganda wote mpaka wa katikati, ndipo utaniambia jina litakalokuja.

---

FundiBaridi | saa 2:36 usiku

Hahaha, taslimu tu mama, hakuna jina. Kiti nacho acha, kipo.